Siku yenu ya kwanza ugenini, wewe na mwenza wako: tupeane uzoefu

Mwana wa Raskazone

Habarini ndugu zangu. Naomba tupeane uzoefu wa siku moja tu: ile siku mliyoingia mji wa nchi nyingine, wewe na mkeo au mumeo, na hamjui mtu. Naanza mimi.

Tulifunga ndoa mwezi wa sita, fungate ikasubiri mpaka wa tisa, tunadunduliza. Tukachagua Mombasa kwa kuwa kutoka Tanga ni karibu, na lugha ni moja. Mpakani tukagonga pasi za nchi zote mbili ndani ya jengo moja, tukaonyesha kadi za homa ya manjano, basi. Nje kulikuwa na kijana anabadilisha pesa. Nikampa laki mbili za kwetu, ambazo kwa hesabu ya siku ile zilitakiwa zirudi elfu kumi za Kenya. Akahesabu haraka haraka, dereva naye anapiga honi, nikataka kuzitia mfukoni. Mke wangu akazichukua, akazihesabu noti moja moja, akasema kwa upole, "Kaka, imepungua mia tano." Kijana akaitoa bila neno. Ile mia tano mke wangu hakunirudishia, aliifunga kwenye pindo la kanga.

Likoni, kwenye kivuko cha kuingia Mombasa, tukafika saa kumi na moja jioni. Abiria tukaambiwa tushuke tuvuke kwa miguu, basi lipange foleni na magari. Pantoni ya Kigamboni naijua, lakini umati wa Likoni jioni ni kitu kingine. Watu wanazuiwa juu, geti likifunguliwa wote wanateremka kwa pamoja kama maji. Tulipokuwa tunateremka, mkanda wa begi langu ukakatika. Nikainama kuokota. Kuinuka, mke wangu hayupo, geti limefungwa mbele yangu na feri inaondoka naye.

Pasi zote mbili ziko kwangu. Pesa ziko kwangu. Laini zetu za Tanzania hazishiki mtandao. Mke wangu hajawahi kutoka nje ya nchi maishani mwake, na ile ng'ambo sijui pakoje. Nilisubiri feri nyingine nikiwa nimeshika pasi yake mkononi, mpaka ganda likalowa jasho.

Upande wa pili unapanda mlima, makondakta wanaita, bodaboda wanakuvuta. Nikaangalia kila mwanamke aliyevaa kanga, na Mombasa jioni wanaovaa kanga ni wengi. Halafu nikamwona, ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, kando ya mama muuza karanga. Yule mama akaniambia, "Nimemwambia mwanangu asiondoke. Njia ni hii moja, akivuka hana pengine pa kupita."

Tangu siku ile, tukisafiri, kila mtu anabeba pasi yake na pesa yake kidogo, na kabla ya kushuka chombo chochote tunaambiana tutakutana wapi tukipoteana. Nawaomba mfanye hivyo, hasa nyinyi mlio kwenye ndoa changa ambao mume bado anadhani kubeba kila kitu ndiyo kumtunza mke. Mimi nilidhani hivyo.

Bi Mkubwa wa Kibokoni

Pole mwanangu, na ndoa yenu Mungu aibariki. Sisi wa hapa kivuko twakiheshimu. Mwaka 1994 feri ya Mtongwe ilizama, wakafa watu 272, na hadi leo ukimwona mtu mzima hasogei mbele kwenye mlango wa feri hata akisukumwa, jua anakumbuka. Kwa hivyo ulivyongoja nyuma ya geti ulifanya sawa, hata kama moyo ulikuwa ng'ambo.

Yangu ni ya Muscat. Mimi na baba watoto, Mungu amrehemu, tuliingia siku ya Ijumaa asubuhi bila kufikiri kwamba kule Ijumaa ndiyo mapumziko ya wiki. Maduka yamefungwa. Njaa yatuuma, na yeye kila akishika riyali moja aivunja kichwani kuwa baiza elfu moja, kisha aigeuza shilingi za Kenya, kisha airudisha mfukoni. Tukatembea kando ya bahari pale Matrah, jua ni la kuunguza. Alikuwa amejifunza Kiarabu chake chuoni kwa maalim, akajitahidi kumuuliza mzee mmoja aliyekaa kibarazani wapi tutapata chakula. Yule mzee akamsikiliza hadi mwisho, kwa adabu kabisa. Kisha akauliza kwa Kiswahili cha Unguja, "Nyinyi wa Mombasa au wa Lamu?"

Alizaliwa Unguja, akatoka baada ya 1964. Akatupeleka kwake. Mkewe alipofunua sufuria na ile harufu ya mchuzi wa papa na nazi ikatoka, mimi nililia, nikaona haya mbele za watu. Mume wangu akanipa leso yake wala hakuniuliza naliani. Nimekaa naye miaka thelathini na moja, na nikikumbuka wema wake naanzia hapo.

Dereva wa Nyali

Nyongeza fupi kwa wanaotoka Tanzania na gari lao: siku hizi mnaweza kupitia barabara ya Dongo Kundu, feri hamuioni kabisa. Lakini kama ni mara yenu ya kwanza na hamna haraka, ingieni kwa feri. Wa miguu hawalipi kitu, na mji unauona unakuja polepole mbele yako. Tuk-tuk mkubaliane bei kabla ya kupanda, sio mkishafika.

Jirani kutoka Kampala

Sisi tulikuja na treni ya usiku kutoka Nairobi. Tulichokuwa hatujui ni kwamba stesheni iko Miritini, nje ya kisiwa, na treni hiyo inafika kabla ya alfajiri. Mimi nilitaka tutoke tuchukue gari lolote. Mke wangu alikataa. Alikaa juu ya mizigo akasema yeye hatoki gizani kwenye mji asioujua. Nilikasirika sana, saa nzima hatukusemeshana. Kulipopambazuka tukapanda matatu na wafanyakazi wanaoenda mjini, tukashukia karibu na Marikiti, tukanywa chai kwa mahamri na mbaazi. Nikamwomba radhi pale pale, mahamri mkononi.

Mama Wawili, Arusha

Sisi tulifika mapokezini kwenye nyumba moja ya wageni Mji wa Kale, mzee akatuomba cheti cha ndoa. Si kila mahali wanauliza, lakini pale ndiyo utaratibu wao. Cheti kiko kabatini Arusha! Nikampigia wifi yangu, akakitafuta, akakipiga picha akatutumia. Ilichukua kama saa moja. Yule mzee hakutuacha tumekaa kinyonge. Aliuliza kama tunatumia sturungi, tukatazamana, kumbe ni chai ya rangi, akaleta na kashata. Picha ya cheti iko kwenye simu zetu zote mbili hadi leo.

Mwana wa Raskazone

Asanteni sana. Bi Mkubwa, habari yako nimemsomea mke wangu kwa sauti. Ameniomba simu, anasema hadithi yangu nimeisimulia kwa upande mmoja. Anayeandika hapa chini ni yeye.

Shikamoo Bi Mkubwa, habari zenu wengine. Mume wangu amewaambia nilikuwa nimetulia juu ya ndoo. Sikuwa nimetulia. Feri ilipoondoka nilimwona kabisa pale getini, nikapunga mkono, nikaita, yeye anaangalia upande wa magari. Nilipovuka nilimsimulia yule mama huku natetemeka. Akaniketisha, akaniambia nile karanga ili mdomo upate kazi. Karanga ya kwanza haikupita kooni. Feri ya pili ilipotia nanga nikawa nahesabu mashati ya bluu yanayopanda mlima, nimefika la tisa ndipo nikaona begi lenye mkanda umekatika.

Alipokuwa anakuja kwetu nilifungua pindo la kanga, nikalipa karanga kwa ile mia tano ya mpakani. Mama akakosa chenji. Nikamwambia akae nayo, akakataa, akatufungia karanga za kutosha siku tatu.

Kuhusu pasi ni kweli. Yangu ninayo mimi.