Je, vijana wa skauti waachwe watembee wenyewe kutoka Tendaguru hadi Lindi?

Swali, kutoka kwa mlezi wa skauti, Lindi mjini

Ndugu walezi, heshima mbele. Vijana wetu wakubwa, wenye umri wa miaka 15 hadi 17, wameomba kutumia likizo ya Juni kutembea kwa miguu kutoka kilima cha Tendaguru hadi Lindi, wakifuata uelekeo wa wapagazi waliobeba mifupa ya dinosaria kuipeleka bandarini Wajerumani walipochimba pale kati ya mwaka 1909 na 1913. Sharti lao ni moja: wapange safari wenyewe, nasi tusiandamane nao njiani. Wazo nalipenda, ila wazazi wana hofu. Je, tuwaachie kwa kiasi gani?

Jibu, kutoka Mtwara

Mwalimu, waachie kuanzia kwenye kupanga. Wape ramani ya kipimo cha 1:50,000 na dira, kisha wakuletee mpango wa kila siku unaoonyesha watalala wapi, watapata wapi maji, na watatokea njia gani mmoja wao akiugua. Mpango usiojibu suala la maji urudishe. Kwa joto letu, kijana mwenye mzigo anahitaji lita nne au zaidi kwa siku, na kila lita ni kilo moja mgongoni; kwa hiyo visima ndivyo vitakavyoamua kambi ziwe wapi. Ninyi tangulieni kwa gari hadi kijiji cha kulala, na muwe na saa mliyokubaliana, tuseme saa kumi jioni, ambayo ikipita hawajafika mnaanza kuwafuata kutoka pande zote mbili. Simu msiitegemee, kwa kuwa mabondeni mtandao hupotea.

Jibu, kutoka Nachingwea

Kuhusu maji sina pingamizi. Hata hivyo, kwa vijana ambao hawajawahi kulala porini bila mlezi, naona safari hiyo ni ndefu mno, kwani hata ukipima kwa mstari ulionyooka ni kama kilometa 60, na njia ya miguu hainyooki. Waanze na usiku mmoja Rutamba. Juni majani huwa bado marefu na nyoka haonekani, tena huku kwetu tembo hufika hadi mashambani, hivyo kila asubuhi wawaulize wenyeji kabla ya kuondoka. Barua ziwafikie watendaji wa vijiji mapema, maana kundi la vijana wageni wenye mabegi litatiliwa shaka tu, na wakipita msitu wa hifadhi waombe kibali TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania). Mifupa wasiiokote: inalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964.

Muuliza swali

Nawashukuru, tutaanza na Rutamba. Je, uamuzi wa kukatisha safari awe nao nani?

Mtwara

Kiongozi wa kikosi mwenyewe, na akirudi asihojiwe mbele ya wenzake. Mkimfedhehesha, safari ijayo atavuka mto uliojaa ili asionekane mwoga.