Marciano 49 kwa sifuri: ndiye bora wa uzito wa juu, au alikuta wazee?

Kengele ya Kwanza:
Wakuu, ukitajwa uzito wa juu watu ni Ali, Ali, Ali. Rocky Marciano alipanda ulingoni mara 49, akashinda zote 49, 43 kwa KO, akatundika glovu 1956 akiwa bado bingwa. Ali kapigwa mara tano. Kama ubora haupimwi kwa kushinda, unapimwa kwa nini?

Mkono wa Kushoto:
Mleta mada, kawapiga akina nani? Joe Louis wa 1951 alikuwa na miaka 37, karudi ulingoni kwa sababu ya deni la kodi. Walcott 38. Archie Moore naye mtu mzima, na bado alimwangusha raundi ya pili. Halafu huyo Marciano wenu ni kilo 84, 85 hivi. Lennox Lewis alikuwa anapanda na zaidi ya 110. Mpeni Foreman wa 1973, aliyemwangusha Frazier mara sita ndani ya raundi mbili kule Kingston, tuone. Hata Tyson, pamoja na kulala kwake Tokyo 1990 mbele ya kibonde Buster Douglas, angemmaliza.

Chuma cha 86:
Kulala? Aliyelala kwanza ni Douglas, raundi ya nane. Apakati moja tu, ngumi ya kutoka chini kwenda kidevuni, mtu chini, na refa anahesabu kama mtoto anayejifunza namba. Alikaa pale sekunde 14. Kumi zikiisha pambano limeisha, hata asiyejua ngumi anajua hilo.

Kengele ya Kwanza:
Jamani, Marciano.

Mzee wa Kona:
Chuma, ndugu yangu, tulia. Refa Meyrán alikosea, hakuipokea hesabu kwa mtunza saa, akaanza ya kwake. Sawa. Lakini bondia aliye chini hana saa mkononi, anamtazama refa. Douglas alipiga turubai kwa ngumi, kajikasirikia, akasubiri, akanyanyuka kwenye tisa. Kengele ikalia. Don King, promota wa Tyson, alipiga kelele siku kadhaa, ikashindikana. Mwaka 1927 Chicago, Tunney naye alikaa chini kama sekunde 14 kwa sababu Dempsey aliyemwangusha alichelewa kwenda kona, na refa hakuanza kuhesabu mpaka aende, na ushindi ukabaki wa Tunney. Ngumi ndivyo zilivyo.

Chuma cha 86:
Kwa hiyo kosa likirudiwa mara mbili linakuwa sheria? Na kona ya Tyson je? Jicho la kushoto limefumba kabisa, wasaidizi hawana hata kile chuma cha baridi cha kukandia uvimbe. Wamejaza maji ya barafu kwenye glovu ya mpira wanamwekea jichoni! Bingwa wa dunia!

Dada Ulingo:
Na hao wasaidizi aliwaweka nani? Kevin Rooney, kocha wa Tyson, alifukuzwa 1988, si na Douglas. Umeanza na refa, sasa kona, kesho utalaumu taa.

Nawe Mkono, kumwita Douglas kibonde ni dharau. Mtu kafiwa na mama yake wiki tatu kabla, akaja kumpigia Tyson jabu, ile ngumi ya kunyoosha mkono wa mbele, raundi kumi. Jabu ile kibonde haipigi.

Mkono wa Kushoto:
Dada, Oktoba mwaka huohuo Holyfield alimmaliza raundi ya tatu, kaja na tumbo. Usiku mmoja haukutoi kwenye ukibonde. Chuma naona hata hakuzaliwa 1990, anatetea alichohadithiwa.

Chuma cha 86:
Nilizaliwa, na kumbukumbu ninazo. Nyie wa Ali msiniambie habari za kona. 1963 Cooper kamwangusha, kocha wake Dundee akaenda kupanua tundu la glovu, kijana akapumzishwa dakika nzima. Hapo hesabu hamuioni.

Mzee wa Kona:
Dakika nzima ni hadithi za vijiweni. Ukitazama picha za pambano ni sekunde chache tu zilizozidi. Tundu kweli Dundee alilisaidia, mwenyewe alikiri.

Na raundi ya kumi ya Tokyo naikumbuka hivi: Tyson yuko kwa magoti, anapapasa turubai kutafuta kinga ya meno. Kaiokota, kaiuma upande mmoja, upande mwingine unaning'inia nje ya mdomo. Hapo hakuna refa aliyemwonea.

Sasa kwa mleta mada. Usijibu kwa 49, rekodi zinapangwa. Jibu kwa usiku wa Septemba 1952, Philadelphia. Marciano kaangushwa raundi ya kwanza, uso umechanika, yuko nyuma kwenye kadi zote tatu za majaji. Raundi ya 13, mkono mmoja wa kulia, Walcott anashuka taratibu, mkono wa kushoto umenasa kwenye kamba. Huyo mzee wa miaka 38 mnayembeza alikuwa anashinda! Pambano linakukataa, na bado unalichukua. Tyson hakufanya hivyo hata siku moja.

Kengele ya Kwanza:
Asante mzee. Hatimaye.

Chuma cha 86:
Rudia hapo mwisho. Hakufanya hata siku moja? Mtu kapigwa raundi saba, anaona kwa jicho moja, ya nane anamkalisha mwenye kumpiga, na unasema hakulichukua? Alilichukua. Sekunde 14, mzee. Nenda kahesabu mwenyewe.

Dada Ulingo:
Taa bado hajazifikia.