Ukoo wa Bibi Mwanaisha: nikaha ya Salim

Shangazi Zuhura: Asalaam aleikum nyote. Kina Nasra wamekubali posa! Nikaha Ijumaa ya pili ya mwezi ujao inshallah. Michango nitumieni mimi.

Ami Hamisi: Alhamdulillah. Mabruk Salim.

Rukia: Mabruk kaka. Lakini shangazi, kadi zisichapishwe kwanza. Lile ombi la mamkubwa, mama yake Salim, la kumchukua Salim Marekani liko kundi gani la viza?

Shangazi Zuhura: Si lilishakubaliwa? Barua tuliisoma hapa hapa.

Rukia: Kukubaliwa si viza, ni kuingizwa foleni. Nafasi yake ni tarehe ya kipaumbele, yaani siku fomu I-130, ile ya kumwombea ndugu, ilipopokelewa, 11 Machi 2019. Siku ya barua haihesabiwi. Hiyo ya Salim haisogei. Inayosogea ni ile Marekani wanayoitangaza kila mwezi, na wakati mwingine hurudi nyuma. Ikishaipita ya Salim ndipo zamu yake imefika.

Ami Hamisi: Basi aoe, angoje na mkewe. Foleni gani inakataza mtu kuoa?

Rukia: Hii, ami. Mamkubwa ana grini kadi, kibali cha kuishi Marekani daima, hajawa raia. Mwenye grini kadi humuombea mume au mke, na watoto ambao hawajaoa wala kuolewa, basi. Salim yuko F2B, kundi la watoto wakubwa wa wenye grini kadi ambao hawajaoa. Siku atakayooa ombi linakufa, na miaka yote aliyongoja inakwenda nalo.

Shangazi Zuhura: Wasomewe kimya hapa nyumbani, cheti kije baadaye?

Rukia: La, shangazi, nakusihi. Nikaha ni ndoa, na sheria ya Kenya ya 2014 inaitambua. Ubalozini ataulizwa kwa kiapo. Akificha, anaweza kufungiwa mlango maisha.

Salim: Sitadanganya. Na Nasra simwachi. Hakuna njia?

Rukia: Iko kwa mama yako. Akiapa uraia kabla hujaoa, unahamia F1, kundi la watoto wakubwa wa raia ambao hawajaoa. Ukioa baada ya hapo unaingia F3, ya watoto wa raia waliooa, na tarehe yako ya 2019 unabaki nayo. F3 ni ndefu mno, viza kama 23,400 kwa mwaka kwa dunia nzima, watu wamengoja zaidi ya miaka 10. Lakini Nasra na watoto wenu wanakwenda nawe kwa ombi hilo hilo.

Mama Salim (Minneapolis): Ndiyo natoka zamu ya usiku, nimesoma yote. Miaka 5 ya kadi ya kuomba uraia nilishaitimiza zamani. Nimekuwa nikiuogopa ule mtihani wa Kiingereza. Sikujua woga wangu unamfunga mwanangu.

Rukia: Maswali ya uraia yamechapishwa yote, mamkubwa. Tutasoma pamoja kwa simu kila Jumapili.

Salim: Mama, usilie.

Mama Salim (Minneapolis): Silii. Wifi Zuhura, waombe wazee wa Nasra watustahimilie. Posa ibaki, nikaha ingoje nikiapa. Fomu ya uraia naijaza leo kabla sijalala.

Shangazi Zuhura: Nitakwenda mwenyewe kesho baada ya alasiri. Michango iliyoingia naiweka.