MREJESHO: Takadini kwa msamiati na kuchora, kidato cha tatu

Wakuu habari zenu, ni yule mwalimu wa Temeke niliyeomba ushauri jinsi ya kufundisha Takadini, riwaya ya Kiingereza ya Ben Hanson kuhusu mtoto mwenye ualbino, kwa darasa ambalo Kiingereza kinawakwamisha hata ukurasa haujaisha. Mkaniambia nianze na maneno kabla ya hadithi, halafu wachore. Nimefanya na kwa kweli imekubali.

Maneno ya sura nayaandika ubaoni mapema, kila kundi linachukua machache, wanasaka maana kwenye kamusi kisha wanachora, tafsiri haiandikwi. Neno "outcast" (mtu aliyetengwa na jamii) ndo lilinikosha, kuna binti kachora Sekai, mama yake Takadini, anakimbia kijiji na mwanae mgongoni, nyumba zote milango imefungwa, na yule mtoto kamwacha bila rangi kabisa, karatasi yenyewe ndo ngozi yake, darasa likaanza kubishana je Sekai alikuwa na njia nyingine, Kiingereza cha kuungaunga lakini wanabishana wenyewe bila mimi kuwasukuma!

Aliyesema niwape mtindo wa Tingatinga asante sana ndugu yangu, ule alioanzisha Edward Saidi Tingatinga hapahapa Dar mwaka 1968, hata asiyejua kuchora anaweza, umbo kubwa moja, rangi moja nyuma, basi. Rangi za mafuta bei imechangamka so tumetumia za maji juu ya maboksi ya dukani.

Sasa tumefika kwa mzee Chivero na mbira yake (ala ya vibao vya chuma inayopigwa kwa vidole), nataka waisikie inavyolia, mwenye rekodi nzuri naomba anitumie.