Naomba ushauri, najitolea kwa watoto wa Kiroma ila muda unaniishia

Habari zenu wakuu. Nasoma Slovakia, hapa Košice, kuna mtaa wa Waroma (ile jamii ya wachache huku Ulaya ambayo wengi huiita Gypsy) unaitwa Luník IX, ule Papa Francis aliutembelea 2021. Kila jumamosi naenda kufundisha watoto hesabu, shida nyumbani wanaongea Kiroma shuleni Kislovakia, mtoto hesabu anaiweza kabisa ila swali halielewi, anabaki anang'ata penseli tu, inaniuma sana. Juzi kabinti kamenishika vidole kakaanza kunihesabia kwa lugha yao, jekh, duj, trin. Sasa masomo yangu yanaisha baada ya miezi minne, naogopa kuwazoesha halafu nipotee. Mliowahi kujitolea hivi, watoto mliwaagaje? Niwaambie mapema au nitafute kwanza wa kunipokea?