Naomba ushauri: MP3+G au MP4 kwa karaoke ya nyumbani?

Wakuu, habari zenu. Kuna diski za CD+G (CD za karaoke zenye muziki pamoja na maneno ya kuonyesha kwenye skrini) za kuhamishia kwenye laptop iliyounganishwa na TV kwa HDMI. Kinachonikwamisha ni fomati.

MP3+G (muziki kwenye faili la MP3, maneno kwenye faili la .cdg) ni nyepesi: wimbo wa dakika 4 kwa 192 kbps ni kama MB 5.8, na faili lake la .cdg kama MB 1.7. Ila ni mafaili mawili. Majina yakipishana hata herufi moja, muziki unalia na maneno hayatokei. Kuyafunga kwenye zip moja kunasaidia, mradi programu iwe inasoma zip. Picha nayo ni pikseli 300 kwa 216, rangi 16 tu, hivyo kwenye TV kubwa herufi zinaonekana kama matofali.

MP4 unaichomeka kwa flashi tu, TV inacheza yenyewe. Lakini kugeuza CDG kuwa MP4 hakusafishi zile herufi, faili linavimba bure, na TV haiwezi kushusha ufunguo (key) wa wimbo ufuate sauti ya mwimbaji. Kwa hilo tu naegemea MP3+G.

Naombeni mnijuze: drive gani ya CD ya USB inasoma data ya maneno? Nyingi zinanyonya sauti peke yake na kuacha maneno kwenye diski. Pia, MP3 ya VBR (kbps zinazobadilikabadilika) huwa inafanya maneno yaachane na muziki kwenye baadhi ya programu. Kuna inayovumilia, au nibaki na CBR (kbps zisizobadilika)?