Mrejesho: Pampu ya moyo aliyowekewa kaka yangu Ujerumani

Ndugu zangu, niliuliza hapa kama familia ikubali kaka yetu awekewe pampu ya Impella (pampu ndogo inayoingizwa moyoni kupitia mshipa wa mguu ili isaidie kusukuma damu) au tuombe puto la aota (puto linalowekwa ndani ya mshipa mkuu utokao moyoni, likijaa na kunywea ili kuusaidia moyo), baada ya kupata mshtuko wa moyo huko Hamburg na moyo kushindwa kusukuma damu ya kutosha hata mshipa ulipokwisha kuzibuliwa. Nawashukuru nyote mliojibu.

Tulifuata ushauri wa kumtaka daktari aeleze sababu ya chaguo lake. Alisema utafiti wa mwaka 2012 haukuonyesha puto likipunguza vifo kwa wagonjwa wa aina hii, ilhali ule wa Denmark, Ujerumani na Uingereza, uliochapishwa mwaka 2024, ulionyesha kwamba ndani ya siku 180 walifariki asilimia 45.8 ya waliowekewa pampu na asilimia 58.5 ya wasiowekewa, ingawa pampu iliongeza kutokwa damu na matatizo ya miguu na figo. Tukakubali.

Ushauri wa kuukagua mara kwa mara mguu uliopitishiwa mrija wa pampu, ambao mimi niliuona mdogo, ndio uliotufaa kuliko wote: shemeji aligundua vidole vimepoa na kubadilika rangi, akamwita muuguzi, na mguu ukaokolewa.

Sasa pampu imetolewa na moyo unafanya kazi wenyewe kwa msaada wa dawa, japo ni dhaifu. Figo hazijarudi, bado anasafishwa damu kwa mashine, na madaktari hawajatuahidi lolote.